Alama Mpya kwenye Kijiti

Mchana, pale kwenye taa za barabarani katikati ya mwinuko wa kuingilia sokoni, gari dogo la rangi ya samawati lilinguruma kama linataka kuruka, halafu likarudi nyuma. Taa ilikuwa ya kijani. Honi zilipokezana. Ndani yake alikuwa mwanamke mwenye gauni la njano na aproni aliyosahau kuivua, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameunyoosha nyuma kushikilia keki ya harusi ya ghorofa tatu. Kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo injini ilivyopiga kelele, na ndivyo magurudumu yalivyozidi kugoma.

Mwanamume aliyekuwa akivuka barabara na boksi la vipuri kwapani alisimama. Alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, jambo ambalo si la kawaida kwa ovaroli. Hakufoka wala hakupunga mikono kama wengine. Aliokota kipande cha tofali kando ya barabara, akakiweka nyuma ya gurudumu, ndipo akaenda dirishani.

"Dada, toa mguu kwenye mafuta."

"Nikitoa linarudi."

"Halirudi, nimelizuia. Subiri kidogo, weka gia ya pili, halafu kanyaga taratibu kama unamkanyaga mtu aliyelala."

"Na keki?"

"Keki haihusiani na gia."

"Kwangu mimi inahusiana."

Mwanamume alifikiri, akaona hoja ina nguvu. Aliomba ruhusa, akaingia kiti cha nyuma na kuikumbatia keki bila kuigusa krimu. Gari lilisita, likashika, likapanda. Walipofika juu mwanamume alimuuliza maswali: huteleza likiwa baridi au likipata joto? Tambarare au mwinukoni? Likipumzika hupona? Alimjibu yote. Huteleza mwinukoni, na likipumzika hupona. Kwenye tambarare halina neno. Kisha yeye ndiye akauliza ugonjwa wenyewe ni nini.

"Bado sijajua," alisema.

Mwoka keki alimtazama kwenye kioo. Mafundi waliomtangulia huyu walikuwa wamemwambia, kabla hata ya kufungua boneti, kwamba giaboksi imekufa na inunuliwe nyingine. Hakuwa amewahi kukutana na fundi asiyejua. Alimpa namba yake ya simu.

Gerejini wenzake walimwita Fundi Bado, na hakuwakatalia. Kazi yake ilikuwa gia za otomatiki peke yake, na sheria yake ilikuwa moja: giaboksi haifunguliwi mpaka gari lenyewe limeshahojiwa. Alipoletewa gari lile aliliendesha mpaka likapata joto, akaliacha likinguruma, akapitisha gia zote moja baada ya nyingine, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Ncha tu ndiyo iliyolowa. Aliipangusa oili kwenye karatasi nyeupe na kumwonyesha mwoka keki. Ilikuwa nyekundu, angavu, haina harufu ya kuungua wala unga wa chuma. Maana yake, alisema, ndani hakujaharibika kitu. Oili ni chache tu. Gari linapopanda mwinuko, ile kidogo iliyopo hukimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, na hewa haiwezi kuishika gia.

"Kwa hiyo inavuja."

"Ingevuja tungeona." Alikuwa ametandaza maboksi chini ya gari tangu jana yake, na yalikuwa makavu. "Oili haichomeki kama petroli. Ikipungua bila kuvuja, imekwenda mahali."

"Wapi?"

"Bado."

Mwoka keki alicheka mpaka akashika boneti. Fundi aliongeza oili mpaka kwenye alama, gari likapanda mwinuko wa soko bila kulalamika, na hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini wiki mbili baadaye simu iliita.

"Limefanya tena," alisema mwoka keki. Nyuma yake zilisikika honi.

"Uko wapi?"

"Palepale tulipofahamiana. Nadhani linakupenda."

Fundi akaomba kufuatana naye katika mizunguko yake ya kupeleka keki, ili asikilize gia zinavyobadilika gari likiwa kazini. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba siku ya kwanza alinyoa ndevu. Alikaa kiti cha abiria na keki mapajani, ametega sikio, macho kwenye mshale wa mizunguko ya injini, huku mwoka keki akiongea juu ya mabibi harusi wanaobadili rangi ya krimu siku moja kabla, na shangazi wa bwana harusi anayetaka ghorofa moja zaidi kwa sababu jirani alikuwa nazo tatu. Alikuwa na mikono yenye nguvu na kucha fupi, na kila gauni lake, liwe la kitenge au la hariri, lilikuwa na unga mahali fulani. Fundi alijifunza kuutafuta.

"Hebu niambie ukweli," alimuuliza siku moja wakisubiri taa. "Unakuja kusikiliza gia au kunisikiliza mimi?"

"Gia nilishazisikia juzi."

Taa iligeuka kijani, na mara hii honi za nyuma hazikuwa na uhusiano wowote na giaboksi.

Tangu siku hiyo simu zao ziliacha kuanza na habari za gari. Mwoka keki alimwita "Bado wangu". Yeye alimwita "mpenzi" kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya, halafu akazoea. Katika mazungumzo hayo ndipo fundi alipomfahamu baba mtu kabla ya kumwona. Mzee alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote, na mtaa mzima bado ulimwita Dereva. Macho yalipoanza kufifia alirudisha leseni kwa hiari yake, akakaa kwenye kiti cha barazani na kuacha kula vizuri. Binti aliponunua gari, mzee alisimama. Kila Jumamosi alfajiri, injini ikiwa imezimwa na imepoa, alilikagua: maji, breki, matairi, oili zote. "Ni siku pekee anayoamka bila kuitwa," alisema binti. Alisema hivyo akikunja taulo la jikoni, akilikunja tena na tena ingawa lilikuwa limeshakunjika.

Fundi aliipata oili iliyopotea Jumamosi iliyofuata. Alifika mapema kumchukua mpenzi wake kwa ajili ya keki ya asubuhi, akamkuta mzee mwenye fulana nyeupe na miwani minene ameinama juu ya injini, bomba la sindano mkononi, mpira mwembamba umezama katika njia ya kijiti. Oili nyekundu ilikuwa ikipanda kwenye bomba. Fundi alimwamkia, akaitikiwa kwa furaha.

"Hili gari lina tabia ya kujaza oili ya gia," Dereva alimweleza. "Sijui nani anaiongeza. Ikizidi inapasua sili, ivuje. Mimi naitoa kidogo kidogo mpaka kwenye alama."

Kosa lilikuwa la mtu mwangalifu. Oili ya lori lake la zamani, lenye gia za mkono, ilipimwa asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, na kwa lori hilo ilikuwa sahihi. Gari la otomatiki la aina ile hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa na joto. Injini inapozimwa, oili iliyokuwa ikizunguka huko juu hushuka yote kwenye beseni la chini, na kijiti huonyesha imezidi wakati haijazidi. Mzee alikuwa akipunguza oili iliyokuwa sawasawa, wiki baada ya wiki, kwa mapenzi.

Fundi alijaribu. Alisema, akipima maneno, kwamba magari ya siku hizi hayahitaji kukaguliwa mara kwa mara. Dereva alicheka na kumpa mifano ya madereva waliosema hivyohivyo, na mahali malori yao yalipounguzia injini. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, mgongo umenyooka, na fundi aliona jinsi binti alivyosimama mlangoni akimsikiliza baba yake. Hakuweza kuendelea. Kulikuwa na sababu nyingine, isiyo ya huruma: alikusudia kumposa binti huyo, na hakutaka mazungumzo yake ya kwanza na baba mkwe yawe ya kumwambia kwamba yeye ndiye ugonjwa.

Kwa hiyo alifanya lililo katika uwezo wake. Gerejini alijaza oili kwa kipimo sahihi, akaliacha gari lipoe usiku kucha, na asubuhi akapima kwa njia ya mzee. Pale oili ilipofika akachonga alama mpya kwa tupa, nyembamba kama unywele. Mtu akipima gari likiwa baridi na limezimwa, alama ile ingemwambia ukweli. Alikuwa ameifanya njia ya mzee iwe sahihi badala ya kumwambia haikuwa sahihi, na alijipongeza kimoyomoyo. Gari likaacha kuteleza.

Asilolijua ni kwamba Dereva hakuwa akisoma kijiti kwa macho. Macho yalishachoka. Alikisoma kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa wiki kadhaa aliridhika na mkwaruzo wa kwanza alioukuta, mpaka siku aliyokipangusa vizuri, ukucha ukashuka zaidi, ukakuta mkwaruzo wa pili. Alikaa nacho barazani muda mrefu. Kisha akamwita binti.

Mwoka keki alifika gerejini amevaa gauni jeusi, nadhifu, lisilo na unga hata chembe. Dereva alibaki kwenye gari, kiti cha abiria, kioo kimeshushwa. Binti alifungua gazeti alilokuja nalo. Ndani yake kulikuwa na kijiti.

"Alama hii umeichonga wewe?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

Fundi alitazama gari. Mzee alikuwa ameelekeza sikio dirishani.

"Ili gari lisiteleze."

"Mkwaruzo unazuia gari kuteleza?"

"Huo unazuia."

"Bado, naomba usinifanye mjinga. Kila mwanamke mwenye gari anajua mafundi wanavyofanya. Unaharibu kipimo, gari linasumbua, mteja anarudi. Nilisema wewe si wa hivyo. Niliwaambia watu."

"Mrudishe mzee nyumbani," alisema fundi kwa sauti ya chini, "halafu uje uniulize tena."

"Unataka shahidi aondoke."

"Nataka niongee na wewe."

"Baba ndiye aliyekugundua. Kama una la kusema, sema na yeye asikie."

Alikuwa na la kusema, na lingechukua muda mfupi kuliko kufunga nati. Aliwaza kiti cha barazani. Aliwaza pia, kwa uchungu aliojaribu kuuficha, kwamba alikuwa ameulizwa kama mtuhumiwa na mtu aliyekuwa akimwita wangu.

"Basi sina la kuongeza," alisema.

Binti alikunja gazeti lake polepole. Jioni hiyo fundi alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Ujumbe ulifuata: usinipigie. Hakupiga tena. Wenzake gerejini walimuuliza kama yule wa keki ameolewa, na kwa mara ya kwanza hakujibu "bado". Aliinama akaendelea na kazi.

Dereva alirudi kwenye alama ya zamani. Alitoa oili mpaka ukucha wake uliporidhika. Siku ileile, kwenye mwinuko wa soko, gari liliteleza, likarudi nyuma na kugonga ukingo, na keki ya ghorofa nne ikaanguka juu ya mgongo wa kiti. Mwoka keki alirudi nyumbani na krimu kwenye nywele. Hakulia mbele ya baba yake. Aliingia jikoni, akaanza kupasua mayai upya, na mzee akasikia kwamba anayapasua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Dereva alikuwa mtu wa kufuata mambo kwa mpangilio. Barazani alijipangia alichokijua. Wiki zote za alama ya fundi, gari halikuteleza. Yeye alipoirudisha alama yake, liliteleza siku hiyohiyo. Mwizi haharibu kipimo ili gari lipone. Alipofika hapo aliinuka, akachukua galoni la plastiki lililokuwa chini ya ngazi, akafuata ukuta wa mtaa kwa mkono mpaka barabarani, akaomba kusaidiwa kuvuka, na akafika gerejini kwa miguu.

Galoni lilikuwa limejaa oili nyekundu. Hakuwahi kuimwaga, oili safi haimwagwi.

"Nimeirudisha," alimwambia fundi. "Sasa nionyeshe unavyopima wewe."

Gari la aina ileile lilikuwa pale likisubiri mwenyewe. Fundi alichomoa kijiti injini ikiwa imezimwa, akamkabidhi. Ukucha ulipita. Kisha akawasha injini, akapitisha gia, akampa tena. Dereva alikipapasa mara mbili, kwanza haraka, mara ya pili kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

"Imeshuka."

"Iko palepale, mzee. Nyingine imepanda kufanya kazi."

Mzee alipangusa kidole chake kwenye tambara, kidole hicho kimoja, kwa muda mrefu.

"Nimeendesha malori tangu hujazaliwa. Ungeniambia."

"Nilikuja kwako kutaka binti yako, mzee. Niliona siwezi kuanzia hapo."

"Na alipokutukana mbele yangu?"

"Wewe ulikuwa kwenye gari."

Dereva aliguna, mguno wa mtu anayeinua kitu kizito. "Nilifikiri unaniogopa. Kumbe ulikuwa unanihurumia. Afadhali ungeniogopa." Alisema bila hasira. Kisha akauliza kama kuna kiti, na fundi akamletea, wakakaa wakinywa chai ya gerejini, mmoja akieleza pampu, mwingine akiuliza maswali ya maana.

Dereva alimwambia binti yeye mwenyewe, jikoni, akiwa amesimama. Hakupunguza chochote. Alisema: oili niliitoa mimi, mkwaruzo ulikuwa wa kunisitiri mimi, na keki yako nimeiangusha mimi. Binti alizima tanuri. Alimkumbatia baba yake, kisha akamwambia kwamba kuanzia Jumamosi wataamka wote, yeye awashe injini na baba apime. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba binti hatakanyaga mafuta ovyo.

Kwa fundi hakuwa mpole kiasi hicho. Alimkuta chini ya gari, akasimama akitazama miguu yake mpaka fundi akatoka.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema, "na nimekuja kukugombeza. Uchague tuanze na lipi."

"Kugombezwa."

"Niliamini mkwaruzo nikakuacha wewe. Hilo langu. Lakini wewe na baba mlikaa kila mtu na siri yake juu ya gari langu, na mimi ndiye niliyekuwa nalo kwenye mwinuko. Ungeniambia mimi peke yangu. Kwenye simu. Kitandani nimelala, nakuuliza umekula nini, ungesema. Ulimsitiri baba, sawa. Mimi ulinifanya nini?"

Fundi alitafuta jibu lenye ukweli na hakupata zaidi ya moja.

"Nilikosea. Nilipima upande mmoja tu."

"Kuna jingine lolote ulilonificha kwa kunionea huruma? Liseme leo."

Fundi alijifuta mikono. Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila kitu.

"Keki ya limau."

"Imefanya nini?"

"Sukari imezidi."

Mwoka keki alimkodolea macho. Keki hiyo watu walikuja kuichukua kutoka upande wa pili wa mji. "Imezidi kiasi gani?"

"Kama robo."

"Robo nzima?"

"Sijapima, mpenzi. Nilikuwa nakula tu."

Alijaribu kubaki na sura ya kikazi, ikamshinda. Alicheka akiwa ameegemea boneti ya gari la mtu mwingine, na fundi, aliyekuwa amejiandaa kwa mengi ila si hilo, alimuuliza papo hapo, akiwa na grisi mpaka viwikoni, kama anaweza kuolewa na mtu anayesema hivyo juu ya keki zake. Alimjibu. Wenzake wa gerejini, waliokuwa wameacha kazi zao zote bila kificho, walisikia jibu.

Jumapili fundi alikwenda nyumbani kwao na kaka yake mkubwa, ovaroli ameiacha, shati jeupe, viatu vimeng'aa. Kaka alieleza lililowaleta kwa maneno mazuri aliyoyafanyia mazoezi. Dereva alisikiliza, akasema atajibu baada ya keki. Binti aliileta: ya limau, na sukari ameipunguza robo. Mzee alitafuna kwanza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii leo umeikosea. Haina sukari." Alimgeukia fundi. "Au nasema uongo, kijana?"

Kaka mtu alimkanyaga fundi mguu chini ya meza. Mwoka keki alisimama na kisu mkononi, akimtazama. Fundi alimaliza kutafuna.

"Unakosea, mzee. Hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa."

Dereva alionja tena, kidogo, kwa ncha ya ulimi, akiwa mtu wa kupima mara mbili.

"Mimi bado naona haijafika," alisema. "Lakini huyu naweza kukaa naye nyumba moja. Mwanangu, unasemaje, tumpe jibu?"

"Jibu nilishampa, baba," alisema binti, akimkatia kipande cha pili. "Wewe kula."